Kutoka karakana hadi wodini: Mvumbuzi wa kifaa tiba asajili kwanza, aonyeshe baadaye

Na Mwandishi Wetu

Tangu mwaka 2019, Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia imekuwa ikiendesha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayojulikana zaidi kwa jina la MAKISATU. Mashindano hayo, pamoja na maonesho ya Sabasaba na Nanenane, yamewapa wananchi nafasi ya kuona kwa macho yao kazi za vijana wa vyuo, mafundi wa mitaani na watafiti wa taasisi za umma. Miongoni mwa kazi zinazovuta watu ni zile zinazogusa afya ya binadamu, kwa kuwa hakuna familia isiyojua maana ya kufika hospitalini na kuambiwa kuwa kifaa kinachohitajika hakipo au kimeharibika.

Mbele ya meza ya mbunifu, maswali huwa mengi. Kifaa kinafanyaje kazi? Kinagharimu kiasi gani? Kimetumia malighafi za wapi? Lipo swali moja ambalo huulizwa mara chache, ilhali jibu lake ndilo linaloweza kuamua hatima ya kazi nzima: je, maombi ya hataza yamekwisha kuwasilishwa kabla ya kifaa hiki kuletwa hapa?

Swali hilo linastahili kuulizwa kwa uzito. Mbunifu anayekieleza kifaa chake hadharani, mbele ya kamera na wageni, bila kuwa amewasilisha maombi, anaweza kuwa amepoteza haki yake ndani ya dakika chache za furaha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uvumbuzi usemi huo una uzito wa kisheria.

Hataza ni nini, na inalinda nini

Hataza ni haki ya kipekee inayotolewa na dola kwa mvumbuzi, ikimpa mamlaka ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia, kuuza au kuingiza nchini uvumbuzi wake bila idhini yake, kwa muda usiozidi miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Haki hiyo ina masharti. Mvumbuzi huilipia ada ya kila mwaka ili iendelee kuwa hai, na hulazimika kuueleza uvumbuzi wake kwa ukamilifu kiasi cha kumwezesha mtaalamu wa fani hiyo kuutengeneza. Kwa maneno mengine, jamii humpa mvumbuzi muda wa kufaidi jasho lake, naye huiachia jamii maarifa ambayo muda huo ukiisha huwa mali ya wote.

Kwa upande wa Tanzania Bara, jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, na utekelezaji wake uko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA), kwa kuwa miliki ubunifu si jambo la Muungano. Mvumbuzi anayetaka ulinzi wa pande zote mbili hana budi kulizingatia hilo tangu mwanzo.

Ili uvumbuzi upewe hataza, sheria inataka mambo matatu. Kwanza, uwe mpya. Yaani usiwe umewahi kuwekwa wazi kwa umma popote duniani, iwe kwa maandishi, kwa maneno au kwa matumizi. Pili, uwe na hatua ya kivumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo angelifikia bila jitihada. Tatu, uweze kutengenezwa au kutumika katika kazi yoyote ya uzalishaji.

Kwa wabunifu wa sekta ya afya, upo mpaka mwingine wa kuufahamu. Sheria haitoi hataza kwa njia ya kumtibu binadamu kwa upasuaji au tiba, wala kwa njia ya kubaini ugonjwa. Hata hivyo, bidhaa inayotumika katika njia hizo inaweza kulindwa. Daktari aliyegundua namna bora ya kushona kidonda hawezi kuwazuia madaktari wenzake kuitumia. Lakini akibuni chombo kipya cha kushonea, chombo hicho kinaweza kuwa chake kisheria.

Wapo pia mafundi wenye maboresho madogo lakini yenye faida, kwa mfano namna mpya ya kufunga gurudumu la kiti cha mgonjwa ili lipite kwenye mchanga. Kwao sheria imeweka hati ya daraja la chini ya hataza, ambayo hutaka upya na uwezekano wa kutumika viwandani, bila kudai hatua ya kivumbuzi. Ulinzi wake ni wa muda mfupi kuliko hataza, lakini kwa fundi mwenye karakana ndogo unaweza kumtosha kuanzia.

Kosa linalojirudia

Kati ya masharti hayo matatu, linalovunjwa kwa urahisi zaidi ni la upya, na mara nyingi anayelivunja ni mvumbuzi mwenyewe. Mwanafunzi huchapisha tasnifu yenye michoro yote ya kifaa. Mtafiti hukiwasilisha katika kongamano. Fundi hurusha video mtandaoni akionesha kila sehemu inavyoungana. Wote hawa wanaweza kuwa wamejenga ushahidi dhidi ya maombi yao wenyewe ya baadaye.

Ni kweli kwamba Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani unazitaka nchi wanachama kutoa kinga ya muda kwa uvumbuzi uliooneshwa katika maonesho rasmi ya kimataifa. Lakini kinga hiyo ni fupi, ina masharti, na hutofautiana nchi na nchi. Busara ni kutoitegemea. Kabla ya maombi kuwasilishwa, mvumbuzi anaweza kueleza kifaa chake kinafanya nini bila kueleza kinafanyaje. Na pale anapolazimika kueleza kwa undani, mbele ya mwekezaji au fundi mwenza, makubaliano ya kutunza siri yaandikwe na kutiwa saini kwanza.

Jambo jingine la kumaliza mapema ni umiliki. Uvumbuzi uliofanywa na mwajiriwa katika kutekeleza kazi aliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida huwa wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Chuo, hospitali, msimamizi wa utafiti na mwanafunzi wakikaa mezani mapema na kuandika nani anamiliki nini, huepusha ugomvi ambao ungezuka siku ambayo kifaa kinaanza kuleta fedha.

Hataza haivuki mpaka yenyewe

Hataza iliyotolewa nchini haina nguvu katika nchi nyingine. Kwa sababu hiyo Tanzania imejiunga na mifumo inayomrahisishia mvumbuzi safari. Chini ya Mkataba wa Paris, mtu aliyewasilisha maombi yake ya kwanza hapa nchini ana miezi 12 ya kuwasilisha katika nchi nyingine wanachama huku akihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Kupitia Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO), lenye makao yake makuu Harare, anaweza kwa maombi mamoja kutaja nchi kadhaa wanachama wa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Aidha, Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), humpa muda zaidi wa kutafuta fedha na masoko kabla ya kuingia gharama za kila nchi.

Njia hizi zipo wazi, ila wanaozitumia zaidi si sisi. Sehemu kubwa ya hataza zinazolindwa nchini hupitia ARIPO, na wenye nazo wengi ni kampuni za nje. Hilo si kosa la kampuni hizo, kwani zinatumia haki iliyowekwa na sheria. Ni kipimo cha umbali uliopo kati ya ubunifu tunaouona kwenye mabanda na ubunifu ulioandikwa kwenye daftari.

Kutokuvuka mpaka kuna upande wa pili wenye faida kwa mafundi wetu. Uvumbuzi ambao mwenyewe hakuombea ulinzi Tanzania, au ambao muda wa hataza yake umekwisha, unaweza kutengenezwa na kutumika hapa bila kumlipa mtu, mradi bidhaa isipelekwe katika nchi ambako bado unalindwa. Mamilioni ya nyaraka za hataza zinasomeka bila malipo katika hifadhi ya WIPO iitwayo PATENTSCOPE. Fundi anayetaka kubuni mashine ya kufyonza makohozi au taa ya kutibu manjano ya watoto wachanga akianza kwa kuzisoma, ataokoa miezi ya kazi, na ataepuka kubuni upya kile kilichokwisha kubuniwa.

Miaka 17 ya bomba moja la sindano

Wapo wanaodhani kuwa hataza ikishapatikana kazi imekwisha. Historia ya bomba la sindano linalojifunga inaonesha vinginevyo. Mwaka 1984, Mwingereza Marc Koska alisoma habari gazetini iliyotahadharisha kuwa kurudia kutumia mabomba ya sindano kungechangia kueneza UKIMWI. Hakuwa daktari. Alianza kwa kujifunza jinsi mabomba hayo yanavyotengenezwa na jinsi watu wanavyoyatumia, kisha akabuni bomba ambalo kijiti chake cha kusukumia dawa hujifunga baada ya matumizi ya kwanza, na mtu akilazimisha kukivuta, huvunjika.

Uamuzi wake wenye busara zaidi haukuonekana kwenye bomba lenyewe. Alihakikisha kuwa bomba lake linaweza kutengenezwa kwa mashine zilezile zilizokuwa tayari viwandani, kwa mabadiliko madogo, ili bei isipishane sana na ya bomba la kawaida. Kisha badala ya kujenga viwanda, alitoa leseni kwa watengenezaji. Pamoja na yote hayo, aliuza mabomba yake ya kwanza mwaka 2001, miaka 17 baada ya kusoma habari ile.

Soko la bidhaa za aina hiyo halikufunguliwa na ubora wa kifaa peke yake. Mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kuzitaka nchi zote kutumia mabomba yanayojifunga katika chanjo ifikapo mwisho wa mwaka 2003. Mwaka 2015, WHO ilipanua wito huo kwa sindano za tiba kwa jumla. Mzazi anayempeleka mtoto kliniki leo na kuona bomba likitupwa baada ya matumizi anafaidi matokeo ya mambo mawili yaliyokutana: uvumbuzi uliolindwa na sera iliyoamua.

Mfano mwingine unatoka Argentina. Jorge Odón alikuwa fundi magari. Mwaka 2006, baada ya kuona namna ya kutoa kizibo kilichozama ndani ya chupa kwa kutumia mfuko, aliwaza kuwa kanuni hiyohiyo ingeweza kumsaidia mama anayeshindwa kujifungua kwa wakati: mfuko wa plastiki huzungushwa kichwa cha mtoto, hujazwa hewa kiasi, kisha mtoto huvutwa taratibu. Wazo la fundi lilipokelewa na madaktari, WHO ikavutiwa nalo, na mwaka 2013 kampuni ya vifaa tiba ya Becton Dickinson ikachukua leseni ya kukiendeleza. Hata baada ya hapo, kifaa kiliendelea kubadilishwa usanifu na kufanyiwa majaribio kwa miaka mingi. Wazo lilizaliwa haraka. Uthibitisho ulidai subira.

Hataza si cheti cha usalama

Hapa ndipo wananchi wengi huchanganya mambo. Hataza husema kuwa uvumbuzi ni mpya na ni wa fulani. Haisemi kuwa kifaa kinaponya, wala kuwa hakina madhara. Kazi hiyo, kwa Tanzania Bara, ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyoanza kutumia jina hilo mwaka 2019 baada ya majukumu ya chakula kuhamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

TMDA hugawa vifaa tiba katika madaraja manne kwa kuangalia ukubwa wa hatari, kuanzia A hadi D. Bandeji haiwezi kupimwa kwa kipimo kimoja na kifaa kinachopandikizwa kifuani kuongoza mapigo ya moyo. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo ushahidi unaodaiwa unavyoongezeka. Kifaa kinachohitaji kujaribiwa kwa binadamu lazima kwanza kipate kibali cha maadili ya utafiti, kinachoratibiwa kitaifa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na washiriki wakubali kwa hiari baada ya kuelezwa.

Umuhimu wa hatua hii unaonekana katika kazi ya jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2018, Brian Gitta, akiwa na umri wa miaka 24, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kifaa cha timu yake kinaitwa Matibabu, neno lisilohitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Hubanwa kwenye kidole na kupitisha mwanga mwekundu ili kutafuta mabadiliko ya chembe nyekundu za damu yanayoashiria malaria, bila kuchoma ngozi. Wakati wa tuzo, kifaa kilikuwa bado katika majaribio.

Tuzo hiyo ilistahili. Lakini kipimo cha malaria kinachosema mtoto ni mzima ilhali ni mgonjwa kinaweza kugharimu uhai, na kinachosema ni mgonjwa ilhali ni mzima hupoteza dawa na kuuficha ugonjwa wenyewe. Mamlaka inapodai takwimu, inasimama upande wa mgonjwa ambaye hayupo mezani. Mbunifu anayelielewa hilo hutunza kumbukumbu za kila jaribio tangu siku ya kwanza, na hujenga kifaa chake kwa kufuata viwango vya kimataifa kama ISO 13485, badala ya kuvitafuta kazi ikiwa imekwisha.

Lango la tatu ni soko

Baada ya umiliki na usalama, hubaki swali la nani atanunua. Kwa vifaa tiba, mnunuzi mkubwa ni umma wenyewe, kupitia Bohari ya Dawa (MSD) na vituo vya kutolea huduma. Taasisi ya Uhandisi na Usanifu Mitambo Tanzania (TEMDO) ya jijini Arusha imeonesha kuwa uwezo wa ndani upo, kwa kutengeneza vitanda vya hospitali, majokofu ya kuhifadhia maiti na viteketezi vya taka za hospitali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inatoa upendeleo kwa bidhaa na kampuni za ndani, wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huohuo inaelekea kuongeza idadi ya wananchi wanaofika vituoni na hivyo mahitaji ya vifaa.

Soko halijengwi kwa zabuni za Serikali peke yake. Mwaka 2015, Mtanzania Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo ya Afrika iliyompata Gitta baadaye. Chujio lake huunganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Zaidi ya kuuza chujio kwa kaya zenye uwezo, alilikodisha kwa wajasiriamali wanaouza maji safi kwa bei nafuu. Aliyeshindwa kununua mashine aliweza kununua maji.

Wajibu wa kila upande

Yanayojitokeza katika mifano hii ni kwamba uvumbuzi hupita malango matatu: umiliki, usalama na soko. Kila lango lina mlinzi wake, na mlinzi wa moja hafungui la mwingine. Taifa linapoteza pale mbunifu anapofika lango la tatu na kugundua kuwa alilipita la kwanza bila hati.

Waandaaji wa mashindano na maonesho wanaweza kulifunga pengo hili kwa gharama ndogo. Fomu ya kujiandikisha ikimuuliza mshiriki kama ameomba hataza, na maofisa wa BRELA na TMDA wakikutana na washiriki wiki kadhaa kabla ya milango kufunguliwa, kazi nyingi zitaokolewa. Vyuo vikuu vinaweza kuitaka kamati ya tasnifu ijiridhishe kuhusu uwezekano wa hataza kabla ya kazi kuwekwa maktaba. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina nafasi ya kuwaunganisha wabunifu na waandishi wa maombi ya hataza, kwa kuwa madai yaliyoandikwa vibaya hulinda kidogo kuliko mvumbuzi anavyodhani.

Haki ya mvumbuzi nayo ina mipaka. Sheria inaruhusu leseni ya lazima kutolewa pale mwenye hataza anaposhindwa kuutumia uvumbuzi nchini au pale maslahi ya umma yanapodai. Mizani hii imewekwa ili ulinzi wa mtu mmoja usigeuke ukuta mbele ya wagonjwa wengi.

Kwa mbunifu mwenye kifaa chake karakanani leo, hatua ya kwanza haihitaji mtaji mkubwa. Aandike tarehe, achore kila sehemu, aeleze tatizo analolitatua na tofauti yake na vilivyopo, apekue hifadhi za hataza, kisha afike BRELA au BPRA kabla ya kufika kwenye banda la maonesho. Makofi yatamsubiri; tarehe ya maombi haitamsubiri.